Shilingi ishirini na kidonda changu cha shavuni

Mwenye duka la dawa aliniangalia shavu mara moja tu: "Hayo ni mashilingi, kijana." Alimaanisha choa, akanipa tyubu ya krimu. Jirani naye akaapa ni jipu bichi, nikandike tumbaku iliyosagwa. Nami, mjinga, nikakandika. Shavu likawa jeusi kama sufuria ya githeri na kidonda kikazidi kutanuka, ukingo wake umeinuka kama mdomo wa kikombe. Hakiumi, hakiwashi, hakiponi.

Hospitali ya kwanza wakakwangua pale katikati, penye usaha na tumbaku yangu, wakatazama kwa darubini. Hakuna kitu. Nikapewa antibayotiki, mara ya tatu hiyo.

Kilichoniokoa ni sarafu ya shilingi ishirini. Kila Jumapili niliishika kando ya kidonda na kujipiga picha, mke wangu akicheka hadi machozi. Daktari wa ngozi kule Nakuru alipozipitia zile picha, kuanzia kipele kama punje ya ndengu hadi donda lililoipita sarafu, aliweka kalamu chini.

"Unaishi wapi?"

"Gilgil."

"Umelala karibu na mapango?"

Nimelala sana! Nilikuwa nachunga mbuzi upande wa Utut, na mvua ikinyesha tunajibanza pangoni na usubi wake. Kadudu hako hakana hata mlio wa mbu, ila ndiko kanakoeneza lishmania, kimelea kinacholeta vidonda kama changu.

Safari hii kidonda kilioshwa kwanza, kisha wakakwangua ukingoni. Kama unapimwa, usipake chochote asubuhi hiyo. Sampuli ikaenda Nairobi kwa kipimo cha PCR. Kijana wa maabara nilimsumbua kwa simu hadi akanieleza: mashine hupasha moto na kupoza mara thelathini na kitu, na kila mzunguko kipande cha DNA ya kimelea huongezeka karibu maradufu. Ndiyo maana hata vimelea vichache vilivyoikwepa darubini hunaswa. Tena kipimo hicho kinataja aina ya kimelea: changu ni Leishmania tropica, si ile aethiopica ya Mlima Elgon.

Nilitumia elfu saba, nane hivi, pamoja na nauli za matatu. Sindano zilidungwa kidondani penyewe. Nililia mbele ya mwanafunzi wa uuguzi na sioni haya.

Sasa limebaki kovu. Jirani anasema ni tumbaku yake iliyoniponya, ila ilichelewa kufanya kazi.