Ile Ilikuwa Yangu

Nilisema siandiki tena usiku wa manane. Lakini Baba Watoto anakoroma, mimi nimegeuka upande huu na ule mpaka shuka limejikunja kama kamba, na neno la Kaka bado limenikaa kooni kama mwiba wa changu. Bora niliteme hapa.

Ni maneno matatu, kwa kweli. Ile. Ilikuwa. Yangu.

Alhamisi, Septemba 16, 2021, saa mbili usiku, nilikuwa juu ya mbuzi nakuna nazi (ndiyo, nakuna mwenyewe, ya kopo nimeisusa), simu ikaleta habari kwamba Sir Clive Sinclair amefariki nyumbani kwake London, miaka 81, kansa imemwandama zaidi ya miaka kumi. Nikaondoka na tui sijakamua. Sikulia, nisiwadanganye, hakuwa mjomba wangu. Ila jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kitu nilichokikodolea macho usiku na mchana nikiwa na miaka kumi na moja, na mtu kama huyo akifa unataka kumwambia binadamu mmoja tu. Wangu yuko Muscat. Kwao ilikuwa saa tano. Nikampigia hivyo hivyo.

"Kaka, shikamoo. Yule bwana wa kompyuta yetu amefariki."

"Marahaba. Bwana gani?"

"Sinclair. Wa ile ZX81 yetu."

Kimya. Nikasikia kiyoyozi chake kinavuma.

"Aa. Masikini." Kimya tena. "Ile ilikuwa yangu."

"Nini?"

"Ile kompyuta. Haya, nisalimie watoto, kesho naamka mapema."

Akakata.

Tangu hapo nimetia saini mkataba mpya wa kazi (miaka miwili, alhamdulillah, na asanteni kwa dua), Mama ameng'olewa jino, Jumamosi tumempeleka binti chuoni tukarudi na gari tupu, na yote hayo nimeyafanya kichwa kikiniimbia yangu, yangu, yangu. Kwenye maegesho ya chuo, wazazi wenzangu wanafutana machozi, mimi nauliza: mkazo aliuweka wapi? Angesema "ilikuwa yangu ile," ningecheka, ule ni utani wa ndugu. Lakini "ile" ikitangulia, ni mtu anayeweka mkono juu ya samaki mnadani kabla mwenzake hajafika bei. Na kile kimya cha katikati kilikuwa cha nini? Alikuwa anamkumbuka Sinclair, au alikuwa anajikaza aseme?

Nilimweleza Baba Watoto. Akasema, "Si yule wa kile kigari cha kuchekesha?" Nikamwacha na kigari chake.

Maana hilo nalo linaniudhi. Tanzia zote zina picha ya C5, ile baiskeli ya betri ya magurudumu matatu aliyoizindua Januari 1985, katikati ya baridi, pauni 399, unakaa chini kiasi kwamba lori likipita unaona tumbo lake. Ilikufa mwaka huo huo. Sawa, ilikuwa kichekesho. Lakini huyu ni mtu ambaye hakukanyaga chuo kikuu, alianza kwa kuandika kwenye majarida ya mafundi redio, akafungua kampuni yake mwaka 1961, akauza vipande vya redio kwa posta, na 1972 akatoa kalkuleta nyembamba ya kuingia mfuko wa shati wakati nyingi za wenzake bado zilikuwa nene na nzito. Akatoa na saa ya mkononi ya taa nyekundu, 1975, ikamtia aibu, maana ikipata umeme wa nguo za nailoni inakufa. Hakukoma. Mwaka 1980 akatoa kompyuta ya nyumbani chini ya pauni 100. Mwaka uliofuata akatoa ndogo zaidi na rahisi zaidi: ZX81. Pauni 69.95 ukiitaka nzima. Pauni 49.95 ukiitaka vipande, ujiungie mwenyewe.

Sisi tuliichukua vipande. Mnaona? "Sisi." Mkono umeandika wenyewe.

Ngojeni niwape ushahidi wangu.

Portsmouth, Uingereza, nyumba ile ya ngazi nyembamba. Baba yuko zamu ya usiku. Mama kalala. Kaka ana miaka kumi na sita, amegawa magazeti asubuhi za baridi miezi na miezi, na sanduku limefika. Ametandaza gazeti juu ya meza ya jikoni, juu yake kile kibao cha kijani chenye vitundu. Chipu zilikuwa chache mno. Ile ya mwaka uliotangulia ilikuwa na 21, hii walizibana mpaka 4, na ndiyo siri ya bei yake. Kubwa yao, Z80, ilikuwa na miguu arobaini, ishirini kila upande, imelala chali kama jongoo aliyekufa. Nilikataa kuigusa. Kazi yangu ilikuwa tochi. "Shika hapo. Usitetemeke. Hapo. We, nimesema usitetemeke." Waya wa risasi wa kuungia ukiguswa na kile chuma cha moto unayeyuka ghafla, unang'aa kama tone la zebaki, halafu unafifia, na moshi wake unanuka kidogo kama ubani uliochanganywa na dawa. Mkono ulikufa ganzi, sikuushusha. Nilikuwa na kanga ya Mama mabegani, na mpaka leo nikinusa risasi naisikia ile baridi ya sakafu kwenye nyayo.

Tulipoichomeka kwenye televisheni, skrini ikawa nyeupe yote. Nikajua tumeiua. Kaka akasogea, akaweka kidole kwenye kioo, chini kabisa kushoto: K moja nyeupe ndani ya mraba mweusi. Inatungoja.

Programu ya kwanza ilikuwa na mistari miwili. Ule wenye namba 10 unaiambia iandike SALAAM, wenye namba 20 unaiambia irudi kwenye 10. Niliandika mimi! Kibodi yenyewe haikuwa na vitufe vya kubonyea, ilikuwa bapa kama kitambaa cha meza cha plastiki, na vidole vyangu vilikuwa vidogo. Ukigusa P, neno zima PRINT linatoka, huhitaji hata kujua hijai yake. SALAAM zikashuka, moja chini ya moja, mpaka ishirini na mbili, skrini ikajaa, ikasimama. Chini kushoto ikaandika 5/10.

Mimi mtoto wa shule. Nikadhani imetupa maksi.

"Tano juu ya kumi!" Nilikaribia kulia. Kaka hakunicheka. Alifungua kitabu, akapekua taratibu, akanieleza: 5 maana yake nafasi kwenye skrini imekwisha, 10 ni mstari ilipokomea. Kisha akasema, "Lakini tano kwa siku ya kwanza si mbaya." Miaka mingi ikawa ndiyo lugha yetu. Chai imekuwaje? Tano juu ya kumi. Mchumba wako? Tano juu ya kumi.

Ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti moja tu. Moja. Picha moja mnayotumiana asubuhi, ile ya kikombe cha chai na waridi, isingeingia hata pembe yake. Baadaye akanunua kile kidude cha kilobaiti 16 cha kuchomeka nyuma, nacho kilikuwa kimelegea kama jino la mtoto. Ukigusa meza, kwisha. Mtu akipanda ngazi kwa kishindo, kwisha. Tulikibandika kwa ule ulimbo wa buluu wa kubandikia picha ukutani. Jumamosi alasiri Mama anataka mieleka yake kwenye televisheni, sisi tuna saa mbili tunanakili programu kutoka kwenye jarida, mimi nasoma namba kwa sauti, Kaka anaandika; Mama anaingia, anachomoa waya, anakaa, anamshangilia yule bonge. Kaka haneni neno. Saa tatu usiku tunaanza upya, na mimi ndiye msomaji.

Basi na hiyo isiwe yetu?

Mpaka jana mchana nilikuwa nimepata na hoja ya kumfungia kesi. Tanzia zinasema Sinclair "aliunda" hiki na kile. Lakini mzunguko wa umeme wa ZX81 ni kazi ya Jim Westwood. Umbo lake jeusi, lililo zuri mpaka leo, alilichora Rick Dickinson. Ile lugha iliyokuwa ndani, na kile kitabu kilichotuambia maana ya 5/10, ni vya Steve Vickers. Na zile zilizouzwa nzima ziliungwa Dundee, Scotland, kiwanda cha Timex, kwa mikono ya wanawake zaidi. Kisha juu ya kasha likaandikwa jina moja. Naye mwenye jina alikuja kusema mwenyewe kwamba hatumii kompyuta wala baruapepe. Niliipenda hoja hii jamani. Nilijiona niko Dundee kabisa, nimejifunga kanga kiunoni, natia miguu ya jongoo kwenye vitundu, na Kaka yuko London anavishwa nishani. Nilipanga nimwandikie hivyo.

Nikaenda kutafuta picha. Nilijua iko kwenye kundi la familia, ile ya mimi na Kaka na televisheni nyuma. Nikaandika "kompyuta" kwenye kutafuta, na kilichotokea kwanza hakikuwa picha.

Kilikuwa ujumbe wa mwezi wa tatu, Siku ya Wanawake. Kazini walinihoji kwa lile jarida lao la ndani, mkumbuke niliwaambia hapa kwa mbwembwe zote. Niliutuma mwenyewe kwenye kundi. Na pale chini ya picha yangu, kwa herufi nene, imeandikwa kwamba alijiungia kompyuta yake ya kwanza kwa mkono wake akiwa na miaka 11.

Yake. Kwa mkono wake.

Hawakulitunga wao. Nililisema mimi, na si mara ya kwanza. Nililisema mwaka 1990 kwenye usaili wa kazi, nimevaa koti la kuazima, wanaume watatu mbele yangu, mmoja akauliza nimejifunzia wapi mambo haya. Ningeweza kusema, kwa kaka yangu. Nikasema, "Niliunga ZX81 nikiwa na miaka kumi na moja." Yule wa katikati akainua nyusi, akaandika kitu. Kazi nikapata. Tangu hapo nimelisema hotubani, nimelisema kwa mabinti wa mafunzo, nimelisema kwa watoto wangu. Tochi imepotea, kaka amepotea, waliobaki ni mimi na chuma cha moto.

Chini ya ule ujumbe wa mwezi wa tatu mashangazi wameweka maua. Mama ameweka mioyo kumi na nne. Binamu wa Mombasa ameandika "mashaallah, damu yetu hiyo." Kaka ameweka kidole gumba. Kimoja. Njano.

Kwa hiyo ameyashika yale maneno miezi sita. Na nilipompigia Alhamisi na "yetu" yangu, kumbe nilikuwa nimeshuka bei. Nilitoka "yangu" nikamletea "yetu" kama zawadi.

Niliandika ujumbe mrefu. Nikaufuta. Nikaandika mwingine unaoanza na "unajua Kaka, katika maisha," nikaufuta kwa aibu. Saa sita kasoro, kwao alfajiri inakaribia, nikatuma hivi tu:

5/10

Tiki zimegeuka buluu. Juu ikaandika kwamba anaandika. Ikaacha. Ikaandika tena. Ikaacha. Sasa ni saa nane na hakuna kitu. Pengine ameenda kuswali.

Na jingine. Lile friza la gereji limeanza kunguruma tangu jana, mngurumo wa kukwaruza, kama mtu anaburuta kiti juu ya saruji. Ndani mna nguru kilo kumi na mbili waliokatwa tayari, na wageni wa hitma ni Jumamosi. Nimeshuka sasa hivi na kanga kusikiliza. Limenyamaza kabisa. Taa yake ya kijani inawaka, ila chini ya mlango pana maji, si mengi, yametanda kidogo tu mpaka kwenye tairi la baiskeli. Nimeweka taulo. Fundi hapokei simu mpaka saa tatu.