Projekta katika darasa la wanafunzi 118

Darasa la Nne ninalolifundisha Sayansi lina wanafunzi 118, ilhali mwongozo wa serikali unataka wasizidi 45 katika chumba kimoja. Wingi huu si mgeni kwa walimu wa shule za msingi nchini Tanzania. Michango ya lazima ilipofutwa kuanzia Januari 2016, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani waliandikishwa, nami nilifurahi kuwapokea. Vyumba na madawati ndivyo havikuongezeka kwa kasi hiyo.

Mwaka jana mzazi mmoja mwenye kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video na mpira, alinunua televisheni kubwa, akatuletea projekta yake ya zamani. Nilitarajia kwamba faida yake kubwa ingekuwa picha, na kweli picha zina nafasi yake: nilirekodi kwa simu mbegu ya haragwe niliyoiotesha kwenye pamba, na watoto walipouona mzizi ukichomoza kabla ya majani, hawakuhitaji tena kukariri kipi hutangulia. Hata hivyo, kilichobadilika zaidi ni mahali ninaposimama. Awali, katika kipindi cha dakika 40, karibu nusu ilipita nikiandika ubaoni huku nimewapa watoto mgongo, kwa kuwa vitabu ni vichache na maelezo hawana pengine pa kuyapata. Siku hizi nayaandaa jioni, asubuhi yanaonekana ukutani, nami napita kati ya madawati.

Katika wiki ya pili ya kupita huko nilifika dawati la mwisho, nikafungua daftari la mtoto mtulivu ambaye hajawahi kunisumbua. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, kisha mistari miwili mitatu ya herufi zisizounda neno lolote. Nilimwomba asome kilichokuwa ukutani, akakisoma chote bila kusita, kwa sababu kila herufi ilikuwa na ukubwa wa kiganja. Kusoma alijua, mwandiko wangu wa chaki ndio aliokuwa haoni, na alikuwa ameketi pale tangu Januari. Siku hiyohiyo nilimhamishia mbele, nikamwandikia mama yake ampeleke kupimwa macho.

Changamoto kubwa ni mwanga. Tulipaka chokaa nyeupe sehemu ya ukuta iliyo mbali na madirisha, tukatundika vitenge vizito kwenye madirisha mawili ya karibu na kuyaacha mengine wazi, kwani watoto 118 hawawezi kufungiwa hewa. Ukurasa mmoja siuzidishi mistari minane. Yule mzazi alinionya pia kwamba taa ya projekta ya aina hii huwa na joto kali, hivyo nisichomoe waya kabla feni haijasimama yenyewe. Umeme unapokatika ghafla, taa hubaki na joto lake lote na kuharibika mapema. Kwa hiyo andalio langu la somo bado lina sehemu ya chaki na ubao.

Kama kamati ya shule yako inafikiria kununua projekta, nashauri ijaribiwe kwanza saa sita mchana, ndani ya darasa lenyewe, na mjumbe mmoja aketi dawati la mwisho asome kwa sauti.