Nilivyohama kutoka kuangusha watu hadi kuangushwa na watoto, judo ya Mbeya

Huku kwetu ukisema unafundisha judo mtu anakuuliza unapasua matofali mangapi. Nishachoka kueleza, siku hizi nasema tu ni mieleka ya kuvaa koti, unamshika mwenzio kola na mkono wa nguo unamyumbisha unamwangusha, mateke hakuna ngumi hakuna. Wakielewa sawa, wasipoelewa nawaambia waje waone.

Mi nilianza ujana wangu nikiwa mshindani, na nilikuwa mshindani kweli, enzi hizo daraja langu la uzito lilikuwa la mwisho kilo 71, baadaye mwishoni mwa miaka ya tisini wakubwa wa judo wakabadilisha ikawa 73 nikashukuru sana hizo kilo mbili maana kupunguza mwili na baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita ni adhabu, unapanda barabara ya Uyole umevaa masweta mawili na nailoni ndani na ukirudi nyumbani wenzio wanakula ugali we unatazama. Afu unapanda basi alfajiri unafika Dar usiku miguu imevimba na kesho yake unapanda kwenye tatami, yale magodoro magumu ya kuchezea judo. Wazanzibari ndo walikuwa wanatusumbua zaidi, kule walikuwa na mwalimu Mjapani na msingi wao ulionekana, sisi tulikuwa na nguvu tu.

Silaha yangu ilikuwa kuvamia miguu, naingia chini namkumba miguu yote miwili chali. Sasa mwaka 2010 shirikisho la dunia likaanza kubana kushika miguu na 2013 wakafuta kabisa, ukishika tu unaadhibiwa. Goti langu nalo lilishaanza kulalamika muda mrefu. Yani ile judo niliyoijua mimi ilikuwa haipo tena kwenye mashindano, na ndo nikaanza kukusanya madogo wa mtaani.

Tatizo la kwanza lilikuwa sehemu ya kuangukia. Tatami za kununua sahau, bei yake unajenga chumba. Nilichofanya, nilipanga tairi kuukuu za gari ndogo chini zikiwa zimelala, juu yake viroba vya maranda ya paina kutoka kwa wapasua mbao, juu kabisa turubai la lori lililochoka nikalivuta kwa kamba kwenye nguzo pande zote. Nilishajaribu na pumba za mpunga, usijaribu, vumbi linapenya watoto wanapiga chafya mazoezi yote. Maranda ni mazuri ila yanashindiliwa, inabidi ufungue uyachambue, na masika yakila maji yananuka uvundo mtaa mzima unajua mko mazoezini. Ila kitu cha kuangalia kuliko vyote ni turubai, likilegea linaweka mkunjo, na mkunjo ndo unavunja vidole vya miguu. Kabla ya mazoezi natembea peku juu yake lote, nikihisi mkunjo hatuanzi mpaka kamba zikazwe upya.

Baada ya hapo nikawafundisha kuanguka. Kuanguka tu, wiki na wiki. Kidevu kifuani, macho kwenye fundo la mkanda, mkono unapiga turubai ukiwa umeachana na mwili kidogo, na usitangulize kiganja hata siku moja maana hapo ndo kifundo cha mkono au mtulinga unaenda. Wanaanza wamechuchumaa, kisha wamesimama, kisha wanarukia. Mama mmoja anauza viazi Uyole alikuja kunitazama akavumilia mwisho akasema, "Mwalimu, nimemleta ajifunze kupigana we unamfundisha kulala chini tu?" Nikamwambia mama mvumilie kidogo. Hakuridhika, ila mtoto alibaki.

Sasa kilichonisumbua mimi mwenyewe ni hiki. Maisha yangu yote kazi ilikuwa kutoanguka, mwili ulishajifunza kukataa, mtoto akinivuta tu kiuno kinashuka chenyewe. Na mtoto wa kilo 35 hawezi kumwangusha mtu anayekataa. Ukijirusha mwenyewe ili afurahi, umemdanganya, atakwenda kwa mwenzie ajaribu vilevile atashangaa mtu hayumbi. Kwahiyo nililazimika kujifunza kusimama katikati, simkatalii wala simsaidii, nasubiri mpaka anivute kweli uzito wangu uhamie kwenye vidole vya miguu, hapo ndo naenda. Akikosea tunabaki tumesimama wote tunatazamana, anarudia. Jioni bega linawaka moto. Kuwapiga ngwala ningewapiga siku nzima bila kuchoka, hiyo wala sio kazi.

Kabali na kukunja kiwiko wadogo siwafundishi kabisa, hayo ni ya wakubwa, na hata hao cha kwanza wanajifunza kugonga mara mbili ukizidiwa, na mwenzio akigonga unamwachia papo hapo. Wadogo wanatosheka na kubana chini. Nawahadithia enzi zetu ulikuwa unambana mtu chali sekunde 30 ndo upate ippon, yani ushindi wa moja kwa moja, siku hizi 20 tu, wanacheka wanasema babu unatuonea wivu. Andrew Thomas Mlugu alipocheza Olimpiki ya Paris 2024, uzito wa kilo 73, uzito uleule niliomalizia mimi, wiki hiyo mazoezi yalijaa hadi nikakosa nafasi ya kupita.

Mmoja wa wale wa mwanzo sasa ni mtu mzima, mkanda wa kahawia, ule wa kabla ya mweusi, ndo ananisaidia wadogo. Ana jicho kuliko mimi lakini hatuelewani kwenye mashindano. Yeye anataka watoto wapelekwe mapema waonje, mi nasema waanguke kwanza mpaka wasifikirie. Ananijibu, "Sensei, mbona we ulishindana kabla hujajua kuanguka?" Namwonyesha goti. Safari ijayo ya Dar anataka kwenda na watano, mi nimemwambia watatu wanatosha, na nauli hata ya hao watatu bado haijapatikana.