Uvimbe wa kansa unaoprintiwa maabara, na dawa tunazozitupa bure

Kuna utafiti mmoja wa 2021 kutoka Chuo Kikuu cha Tel Aviv, kila nikiongea na mtu kuhusu dawa za kansa lazima niutaje. Timu ya Profesa Ronit Satchi-Fainaro walichukua seli za glioblastoma, ile kansa ya ubongo ambayo wagonjwa wengi hata wafanyiwe upasuaji na mionzi na dawa juu hawavuki mwaka na nusu hivi, wakaprinti uvimbe wake. Yaani printa kabisa ya 3D, ila badala ya plastiki inatoa jeli yenye seli hai ndani.

Na hawakuprinti seli za kansa peke yake, hapo ndo penyewe. Walichanganya na seli za kawaida za ubongo, zikiwemo maikroglia ambazo ndo walinzi wa ubongo, halafu wakaweka na mishipa ya damu. Njia ya mshipa unaiprinti kwa wino mwingine ambao ukiupoza unakuwa maji, unaunyonya unatoka, panabaki tundu, humo ndani unapandikiza seli za ukuta wa mshipa. Bila mishipa uvimbe ukinenepa kidogo tu seli za katikati zinakufa, maana oksijeni yenyewe haipenyi hata nusu milimita ya nyama.

Sasa kwa nini wahangaike hivyo? Kwa sababu miaka yote dawa inaanza kujaribiwa kwenye sahani ya plastiki, seli zimelala bapa tabaka moja, hazina majirani, chakula chote zinaletewa, na hakuna kansa inayoishi hivyo mwilini. Wale watafiti waliikuta protini inaitwa P-selektini kwenye uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa, ila kwenye seli za sahani haipo. Kumbe inatoka pale seli za kansa zinapokutana na maikroglia, na ikishatoka wale walinzi wanageuka, badala ya kuipiga kansa wanaisaidia ikue. Basi wakaizuia. Kwenye sahani hamna kitu, seli zinaendelea kukua kama kawaida. Kwenye uvimbe wa kuprinti na kwenye panya, ukuaji ukapungua.

Hiyo inaniuma sana. Mtu mwenye sahani tu angeandika haifai akaendelea na mengine, na hatujui dawa ngapi zimeshaondoka hivyo. Halafu zile zinazong'ara kwenye sahani nazo, zaidi ya 9 kati ya 10 za kansa zinazoingia majaribio ya binadamu haziidhinishwi, na nyuma ya kila moja kuna wagonjwa waliozimeza wakiwa na matumaini.

Bado hatujafika mahali daktari anakuprintia uvimbe wako ndo achague dawa, ingawa Satchi-Fainaro anasema sampuli ya mgonjwa mmoja inaweza kutoa vivimbe 100 vya kujaribia. Marekani nako tangu Desemba 2022 sheria hailazimishi tena dawa ipite kwa wanyama kwanza, kwa hiyo njia hizi zitakua haraka.

Huku kwetu kansa ya umio, ile njia ya chakula, inatumaliza kuanzia Kenya, Tanzania mpaka Malawi, na seli nyingi za maabara duniani zimetoka kwa watu wa Ulaya na Asia Mashariki. Natamani uvimbe wa wagonjwa wetu uprintiwe mapema, sasa hivi teknolojia bado changa, na uprintiwe kwenye maabara zetu na vijana wetu, sio sampuli zipande ndege halafu tukae kusubiri majibu.