Wenzo ambao hakuna aliyeuinua: ajali ya Little Rock, 1999

Usiku wa tarehe 1 Juni 1999, ndege aina ya MD-82 ya shirika la American Airlines, safari namba 1420 kutoka Dallas/Fort Worth, ilitua Little Rock, Arkansas, ikaserereka hadi nje ya njia ya kutua. Ilibeba watu 145. Walikufa 11, rubani mkuu akiwemo.

Wengi huitupia lawama mvua ya radi. Kujaribu kutua katikati yake lilikuwa kosa kweli, ila kilichozinyima breki nguvu ni spoila, vile vibao vinavyosimama juu ya bawa ndege ikigusa ardhi. Bawa linapokimbia kasi bado linainua ndege; spoila hukata mwinuko huo, uzito ukashuka kwenye magurudumu. Kwa hesabu za wachunguzi wa Marekani (NTSB), spoila zingefunguka, magurudumu yangebeba kama asilimia 65 ya uzito. Bila spoila yalibeba 15 tu. Hapo ukanyage breki utakavyo, tairi zinateleza juu ya maji.

Kwenye MD-82, kabla ya kutua wenzo wa spoila huinuliwa ili ukae tayari. Magurudumu yakianza kuzunguka, wenyewe unarudi nyuma na vibao vinafunguka. Usiporudi, rubani auvute kwa mkono. Usiku ule hakuna aliyeuinua, wala aliyeona kwamba haukusogea. Upepo ulikuwa umegeuka, wakabadili upande wa kutua, kutoka njia 22L kwenda 4R (njia ile ile, ila kwa kuingilia mwisho wa pili), wakawa wanakimbizana na radi huku wamekesha zaidi ya saa 16. Orodha ya ukaguzi ikisomwa kwa haraka namna hiyo, kitu lazima kirukwe.

Kisha ikaja shida ya injini. Za MD-82 ziko mkiani, na zikisukuma kinyume kwa nguvu nyingi ili kupunguza mwendo, moshi wake huvuruga hewa inayopita kwenye usukani wa mkia. Ndio maana kwenye njia yenye maji nguvu hiyo ina kikomo. Walikipita, ndege ikaenda mshazari.

Ilivuka mwisho wa njia kwa takriban mita 240 na kugonga jukwaa la chuma la taa za kuongozea, ukingoni mwa mto Arkansas. Jukwaa kama hilo kwa kawaida hujengwa livunjike kirahisi likigongwa. Hili lilikuwa imara kwa sababu eneo hilo hufurika, na ndilo lililoipasua ndege.

NTSB ikapendekeza marubani wote wawili wahakikishe wenzo umeinuliwa, na spoila zisipofunguka mmoja atamke kwa sauti.