Kijani chini ya bawa

Mjukuu aliteleza kwenye karo wiki iliyopita. Leo amenionyesha paja: damu iliyovilia imegeuka kijani, kingoni imeanza unjano. "Bibi, linaoza?"

Neno hilohilo alilitamka jirani yangu pale uani, mwaka ule tulipokuwa bado na lile banda la mabanzi, nami nikaliamini.

Asubuhi nilimkuta tetea mweupe amejikunyata kwenye pumba, bawa la kushoto limelegea. Nikafunua manyoya: ubavu kijani, upana wa kiganja. Jirani akasema ni chanjo imemuunguza, maana usiku wa juzi yake tulikuwa tumewatonea kuku wote dawa ya kideri. Anaoza, akasema, na ataambukiza wenzake. Nilimchinja, nikamfukia nyuma ya choo, nikamwagia majivu. Haikufika nusu saa.

Saa kumi jioni nikamwona wa pili, yule kishingo, asiye na manyoya shingoni.

Huyu nilimpakata, kichwa nikakifichia kwapani ili atulie. Nikayapuliza manyoya ya ubavuni yakagawanyika. Kijani kilekile. Nikanusa: harufu ya pumba na ya kuku, basi. Nikapitisha kidole gumba pembeni mwa doa, kisha katikati. Ngozi ilikuwa kavu, nzima, inateleza vizuri juu ya nyama. Ngozi inayooza kwa bakteria wa Clostridium huwa nyekundu iliyokolea hadi nyeusi, tena imelowa. Inanuka, na ukiibonyeza unahisi vipovu vya hewa vikipasukapasuka chini yake. Kuku wa hivyo mara nyingi hamalizi siku. Huyu alikuwa akinidonoa kifungo cha gauni.

Nikaendelea. Upanga wa kichwani mwekundu. Ungekuwa wa zambarau ningewaza kideri, kipindupindu cha kuku, au moyo ulioshindwa kusukuma damu. Ungepauka ningerudi usiku na tochi kutafuta utitiri kwenye nyufa za kichanja, na ningewaza minyoo pia. Gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo, limejaa. Kinyesi kimeshikana, juu kina weupe. Miguu ilikuwa imepoteza unjano wake, lakini hayo ni mayai: anayetaga mfululizo hupauka kwanza penye tundu la haja, halafu kuzunguka jicho, halafu mdomo, miguu mwisho. Akiacha kutaga, unjano hurudi kwa mpangilio uleule. Kishingo alikuwa ametaga miezi mingi.

Nikataka kumgeuza upande wa pili. Nikamshika ubavuni, na vidole vyangu vinne vikakaa juu ya madoa manne, kila kimoja mahali pake. Sikuuondoa mkono. Ni mimi niliyekuwa nikiwakwapua gizani kutoka kwenye kichanja, bawa na ubavu kwa mkono mmoja, huku mwingine umeshika kichupa.

Damu ya kuku ikivilia huanza nyekundu, huwa zambarau baada ya kama saa 12, na kati ya saa 24 na 48 huingia kijani. Ni rangi ileile iliyomo kwenye nyongo yake. Sisi mwili wetu huigeuza upesi kuwa njano. Kuku uwezo huo ni mdogo sana kwake, ndiyo maana kijani chake hukolea hivyo. Chanjo haikuhusika hata kidogo, ila siku zilikuwa zimelingana.

Kishingo alikaa siku tano peke yake kwenye tenga, maji karibu, pumba nene. Doa likafifia, akarudi kwa wenzake. Kichanja nikakishusha hadi sentimita 60, kwa kuwa kuku mzito akiruka kutoka juu huumiza kidari na mapaja, na pumba nikaziongeza hadi sentimita 10. Siku za chanjo, kila miezi mitatu, tunakuwa wawili. Mmoja anafunika mabawa yote mawili kwa viganja, anamwinua kidari kikiwa kimelala mkononi, miguu katikati ya vidole. Mwingine anadondosha tone moja jichoni, na hatumwachii mpaka apepese.

Nimemwambia mjukuu paja lake haliozi, nikambonyeza taratibu kumwonyesha. Akauliza, na yule mweupe je, alikuwa anaoza?

Yule mweupe nilimfunua mara moja tu. Sikumnusa.