Kivuko cha mabanzi kilivyotutoa jasho mtaani kwetu

Kivuko cha zamani kilikuwa mabanzi sita yaliyopigiliwa juu ya magogo mawili ya mlingoti. Kwa asiyeyajua, mabanzi ni yale maganda ya mti yanayobaki mbao zikishapasuliwa. Huku kwetu tunajengea mabanda ya kuku, tunazungushia uzio, na sisi wa mtaa huu tulivukia korongo. Banzi la tatu kutokea upande wangu lilikuwa limeoza katikati. Wenyeji waliliruka bila hata kuangalia chini, wakiwa na ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Mgeni wa mtaa ulimjua hapo hapo.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu hapa Mbeya mjini, hatua kama ishirini kutoka kwenye korongo. Kwa miaka tisa nimesikia kila mguu uliopita pale. Machi 2024 mtoto wa darasa la pili aliteleza. Maji yalikuwa ya kiunoni, na kijana wa bodaboda alimdaka mkoba akamtoa. Nikamkausha kwa kitambaa cha sare za kwaya, maana ndicho kilichokuwa mkononi. Alilia sana, lakini si kwa hofu ya maji. Alikuwa akililia kiatu kilichokwenda na mkondo, kwa kuwa mama yake alikuwa amekinunua wiki ile ile Mwanjelwa.

Ukizungumzia maendeleo ya Mbeya, watu watakutajia kwamba tulipata hadhi ya jiji mwaka 2005, kwamba tuna uwanja wa ndege wa Songwe tangu Desemba 2012, na kwamba barabara kuu inapanuliwa kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi. Sibezi hata kimoja. Aliyewahi kukaa kwenye foleni ya Mafiati jioni, nyuma ya malori yanayokwenda Tunduma, hawezi kubeza njia nne. Ila Songwe nimefika mara moja tu, kumsindikiza shemeji. Korongo nalivuka mara sita kwa siku.

Aprili mwaka huo huo tope la Mlima Kawetere lilishuka likafunika nyumba kule Itezi. Sisi hatukuguswa, lakini watu walianza kuyaangalia maji kwa jicho jingine. Mkutano wa mtaa ambao kwa kawaida huhudhuriwa na wazee wanane na mbwa wa mtendaji, safari hii ulijaa hadi watu wakasimama. Nikanyoosha mkono nikasema habari ya kivuko. Makofi yakapigwa, ikaandikwa kwenye muhtasari, tukaenda nyumbani. Miezi ikapita. Ulipokaribia uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, mgombea mmoja alisimama juu ya mabanzi yale yale akaahidi daraja. Nilimwona kwa macho yangu akiliruka banzi la tatu, nikajua kumbe anaufahamu mtaa vizuri.

Uchaguzi ukaisha. Nikaandika barua mwenyewe, na hapo nikafanya kosa la kijinga: niliipeleka ofisi inayoshughulika na barabara kuu. Kijana wa mapokezi akanielewesha kwa upole. "Mama, TANROADS ni barabara kuu na za mikoa. Za mitaani huko kwenu ni TARURA, tangu 2017. Lakini anzia kwa mtendaji wako, barua ipite kwa mtendaji wa kata, iende na muhtasari wa mkutano." Ule muhtasari niliokuwa nimeudharau ndio uliokuwa ufunguo. Bila muhuri wa mtaa na idadi ya waliohudhuria, barua yangu ilikuwa malalamiko ya mshona nguo mmoja tu.

Kitu kingine nilichojifunza ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, lakini mipango ya halmashauri hupikwa miezi mingi kabla. Ukienda kuomba Mei, unaomba chakula wakati sufuria imeshaoshwa. Yetu ilifika Februari, imechelewa. Diwani hakunificha: kivuko kitaingizwa kwenye vipaumbele vya kata, lakini kwa mwaka huo msitegemee fedha, labda mtaalamu wa kuwaelekeza. Nikamwambia mtaalamu tunamtaka, fedha tutaanza nazo wenyewe.

Huko kwenye fedha ndiko nilikoonja joto ya jiwe. Mtaa wetu una wapangaji wengi kuliko wenye nyumba, na kila nilikopita jibu lilikuwa moja: "Dada, mimi mpangaji tu, kesho nahama." Wenye nyumba nao wakasema wanaovuka zaidi ni wapangaji. Mjumbe wa nyumba kumi alizunguka na daftari wiki nzima akarudi na shilingi 22,000, moja ya noti ikiwa imechanika katikati.

Nikalichukua daftari nikalibadilisha. Badala ya safu moja ya fedha, nikachora tatu: fedha, vitu, nguvu. Halafu sikuzunguka. Daftari likakaa kwenye meza ya cherehani, na kila aliyekuja kupunguza suruali au kuchukua sare ya mtoto alilikuta liko wazi, limeandikwa jirani yake ametoa nini. Sitajifanya mtakatifu, aibu ilifanya kazi kuliko hotuba. Mama muuza maandazi aliandika "maandazi 60 siku ya zege". Vijana wa kijiwe cha bodaboda wakaandika maji, madumu yote yatakayohitajika. Mpangaji mmoja ambaye kweli alikuwa anahama mwezi huo aliandika toroli, na alilitoa. Wenye nyumba walipoona wapangaji wamejaza ukurasa mzima, wakaanza kuandika kwenye safu ya fedha. Kufikia katikati ya Juni tulikuwa na shilingi 745,000, lori la mawe lililoahidiwa na mzee wa kona, na majina 38 ya nguvu.

Mtaalamu alikuja asubuhi ya baridi, amevaa koti juu ya koti. Sisi tulikuwa tumeshapanga kulaza bomba kubwa, tufukie juu na kifusi, kazi iishe. Akauliza korongo linabeba nini mvua ikinyesha. Maji, tukasema. Akaokota kijiti akachokonoa pembeni: chupa, matambara, magunia, na pampasi, pampasi, pampasi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019 na ni kweli imepungua, lakini pampasi haijasikia tangazo lolote. "Bomba lenu litaziba kwa mvua ya pili," akasema, "na maji yatapita sebuleni kwa mtu." Akataka kivuko cha bapa la zege, wazi chini, kiwe juu ya alama ya maji makubwa kabisa tunayoyakumbuka. Mzee wa kona akampeleka kwenye ukuta wake akamwonyesha mstari wa El Niño ya 1998. Nilishaupita mstari ule mara elfu, nikidhani ni rangi ya udongo.

Kuhusu kingo alikuwa mkali zaidi. Udongo wetu ni majivu ya volkano ya zamani. Kavu unauchimba kwa kijiko, ukilowa unakwenda. Akasema kila upande msingi wa mawe ushuke hadi pagumu, la sivyo zege litabaki zima huku ardhi chini yake imeondoka.

Palipofaa zaidi palikuwa na uzio wa jirani yangu mmoja, uliokuwa umesogea korongoni mwaka hadi mwaka kama mtu anayevuta blanketi. Baadhi ya vijana walitaka wauvunje. Sheria ya mazingira ya 2004 ingetusaidia, inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka mtoni, lakini nilipopima kwa macho, kwa kipimo hicho hata cherehani yangu ingebebwa. Tulimwendea mara tatu, mara ya mwisho na wazee. Hakukubali. Tukasogeza kivuko mita nne kuelekea maji yanakotoka, penye mkunjo kidogo, na msingi ukala mifuko mitatu ya saruji zaidi. Mpaka leo naona tulishindwa pale. Wenzangu wanasema tulifanya busara.

Zege lilimwagwa Jumamosi moja ya Julai. Walioandika nguvu walikuwa 38, waliofika 26, na wawili walikuja kula maandazi tu. Fundi mwashi alitaka mchanganyiko usiwe na maji mengi, na vijana kila akigeuka walikuwa wanaongeza dumu ili makoleo yateleze. Nilisimama pale na sketi yangu nikilinda madumu kama askari wa benki. Saa kumi bapa lilikuwa limelala juu ya nondo tisa, urefu mita nne, upana mbili. Kwa siku saba nililifunika kwa magunia nikayamwagia maji asubuhi na jioni, na watu waliendelea kupita kwenye mabanzi, wakiliruka la tatu. Mtoto wa kile kiatu, sasa wa darasa la tatu, alikuwa ananiuliza kila akipita, "Bibi, limeiva?"

Mvua za Novemba zilipita chini yake. Nilitoka usiku na tochi kuangalia, nikakuta nusu ya mtaa iko pale na tochi zao.

Sasa shida ni nyingine. Upana wa mita mbili unatosha bajaji, na bajaji zimegundua. Zinakata njia kupitia barazani kwangu kukwepa foleni, na fundi anasema bapa halikupimwa kwa uzito huo. Juzi tumekubaliana kuchimbia nguzo katikati ya kila upande, mtu na bodaboda vipite, bajaji isipite. Vijana wa kijiwe wameafiki haraka mno, nadhani wanafurahia kupunguza ushindani. Shimo tunachimba Jumamosi hii. Daftari liko mezani, na kwenye safu ya vitu, mstari wa nguzo bado haujajazwa.